Bibi wa Mdalasini na Gemu za Kona

Siku ya kwanza alipoingia kibandani kwangu hakusalimia mtu. Alisimama mlangoni na kikapu chake cha mdalasini kichwani, akaitazama runinga. Wapiganaji wawili walikuwa wakirushiana mateke, mmoja wao mwanamke aliyevaa nguo isiyozidi kitambaa cha mkononi. Vijana walikuwa wanashangilia. Akauliza, "Huyu binti ana mama?"

Vijana wakageuka kumtazama.

"Kama hana, mpeni kanga kwanza, halafu ndiyo mpigane."

Kisha akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, akashusha kikapu, na kibanda kizima kikanukia chai. Tulimwita Bibi wa Mdalasini. Baadaye nililijua jina lake la kweli, lakini silitaji hapa. Nimekwisha kumkosea vya kutosha.

Miaka ile viwanda vya Morogoro vilikuwa vikipewa wenyewe wapya, na sisi tuliovifanyia kazi tukipewa barua. Wenzangu walipopunguzwa walinunua cherehani, mashine za kusaga, mabelo ya mitumba. Mimi nilinunua runinga na mashine ya gemu za kaseti kutoka Dubai, nikafungua kibanda karibu na stendi ya magari ya milimani. Mke wangu aliuliza kama nimepunguzwa kazi au akili. Nilimwambia ni biashara. Ukweli ni kwamba nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwenye cheti cha kidato cha nne, na nilikuwa nazipenda gemu kuliko watoto waliokuja kuzicheza. Mpaka leo, na sabini nimeivuka, sijaacha.

Bibi alikuwa akishuka kutoka Kinole siku za soko. Akishauza mdalasini wake alisubiri gari la kupanda, na gari la Kinole lilikuwa haliondoki mpaka lijae. Kwangu kulikuwa na benchi na kivuli. Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu kwa miaka miwili yote: anasubiri gari.

Kwenye kona, nyuma ya runinga, palikuwa na kompyuta kuukuu. Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha Mazimbu aliniachia alipokuwa anarudi kwao, pamoja na boksi la diski. Ndani ya diski zile zilikuwemo gemu ambazo hakuna mtu Morogoro aliyewahi kuzisikia, wala sidhani kama huko zilikotoka walizisikia. Kila moja ilikuwa imetengenezwa na mtu mmoja, nyumbani kwake. Ukiifungua, kabla ya chochote, unasoma jina lake, anwani yake, na maneno machache kwamba ukiipenda mwandikie. Vijana hawakuzitaka. Hazikuwa na mpira, hazikuwa na ngumi, na nyingine zilikuwa na rangi nne tu.

Mimi nilizipenda. Gemu kubwa ni kama chakula cha hotelini, hujui nani alipika. Gemu ndogo unamwona mpishi, na chumvi ikizidi unajua umlaumu nani. Lakini nilikuwa nazicheza peke yangu, kwa aibu kidogo, kama mtu anayekula mbele ya wageni. Bibi ndiye aliyenitoa aibu. Siku ya tatu alihama benchi akaja konani, akasema, "Nifungulie hiki kidogo. Kile kikubwa kina kelele."

Wakati ule alikuwa amekaribia miaka sitini. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia kwa kubandua magome, na alibonyeza kibodi kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anachagua mawe kwenye mchele. Malipo yake yalikuwa vijiti vitatu vya mdalasini, alivyoviweka juu ya kibodi kila alipomaliza. Baada ya mwaka mmoja ile kompyuta ilikuwa inanukia kuliko jiko langu.

Hukumu zake ninazikumbuka kuliko gemu zenyewe.

Kulikuwa na gemu ya mlinzi wa mnara wa taa baharini. Kazi yake ni kupanda ngazi, kuwasha taa, kushuka, kuandika daftari, kulala. Hakuna adui, hakuna pointi. Mimi nilisinzia mara mbili. Bibi aliicheza mchana kutwa, akasema, "Huyu ndiye mtu wa kwanza humu ndani niliyemwona anafanya kazi." Ilimsikitisha tu kwamba hakuna aliyempelekea chakula.

Kulikuwa na gemu ya fuko. Unatakiwa umchimbishe chini ya bustani, umlishe mizizi, anenepe. Bibi alikuwa amelima mihogo maisha yake yote. Alimwongoza yule fuko moja kwa moja mpaka kwenye jiwe, afe, mara thelathini na zaidi, kwa utulivu mkubwa. Nilimwambia, "Bibi, lengo ni ashibe."

"Lengo la nani?"

Na kulikuwa na gemu ya soko, ambamo unauza juisi. Unataja bei, mnunuzi anakubali au anaondoka. Aliicheza dakika tano akasukuma kibodi. "Namtajia bei, anaondoka kimya. Hasemi nipunguzie, hasemi njoo mama tuongee. Huyu aliyeitengeneza amelelewa wapi?"

Niseme na upande wake wa pili, maana hakuwa malaika. Mtu huyu alikuwa anawaambia kina mama wa sokoni kwamba kibanda changu kinaharibu watoto. Aliwahi kuapa, macho yake yakiwa kwenye kioo, kwamba akimkuta mjukuu wake humu atampandisha Kinole kwa miguu. Alikuwa mtu wa sala tano, na alikuwa mwizi wa zamu. Kijana aliyekuja konani kujaribu bahati akiinuka kwenda kunywa maji, akirudi anamkuta Bibi kakaa. Akilalamika, anaambiwa, "Shikamoo yangu iko wapi?" Kijana akiamkia, anaitikiwa vizuri, na kiti kinabaki kilipo.

Gemu iliyomteka ilikuwa ile tuliyoiita ya mifereji. Juu ya kioo kuna mlima, na kileleni chemchemi. Chini yake mashamba yamekatwa kama ngazi. Wewe unafungua na kufunga mifereji ili kila ngazi ipate maji yake. Ukikosea, maji yanakwenda kwa nguvu, udongo unaporomoka na shamba limekwisha. Mimi, pamoja na cheti changu, sikuwahi kupita msimu wa tano. Bibi alifika msimu wa arobaini.

Siku moja dereva wa gari la Kinole alikuja kumwita. "Bibi, gari limejaa, umebaki wewe tu."

"Kiti changu kuna mtu?"

"Hakuna, tumekuwekea."

"Basi kiendelee kuwekwa. Maji yangu yako katikati ya mlima."

Dereva akanigeukia. "Wewe Mnyamwezi, zima hicho kitu, abiria wataniua."

"Nikizima ataniua huyu," nilisema. "Afadhali wakuue wewe."

Akaenda kupiga honi. Aliipiga mpaka abiria wenyewe wakashuka kuja kuona kuna nini, na wakaingia kibandani na kuku zao na ndoo zao. Walikuwa wakulima watupu. Walipoona mlima na mifereji hawakuuliza ni kitu gani. Mzee mmoja alisema, "Funga huo wa kushoto." Mwanamke aliyebeba mtoto akasema akifunga wa kushoto ngazi ya chini itakauka. Wakabishana. Mmoja alileta mfano wa mfereji wa shemeji yake. Dereva aliingia kuwafukuza, akasimama, akatazama kidogo, akasema, "Lakini huo wa juu si ndio ungeanza nao?" Gari la Kinole liliondoka likiwa limechelewa saa nzima, na msimu ule Bibi alivuna ngazi zote.

Hata hivyo alikuwa na kasoro za kumweleza mtengenezaji. Alinitaka niandike barua kwa ile anwani, yeye akisema, mimi nikitafsiri. "Mwambie amejitahidi. Mwambie maji hayapigi kwata, yakifika kwenye kona hayageuki namna ile. Mwambie mgomba haupandwi pale alipouweka. Mwambie aje Kinole nimwonyeshe, bure. Na amsalimie mama yake." Niliandika yote na kuituma. Jibu halikuja. Bibi hakushangaa. "Labda yuko shambani," alisema.

Sasa nieleze kosa langu.

Mimi ni Mnyamwezi, yeye Mluguru, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Babu zetu walipita chini ya milima ile na mizigo ya misafara mabegani, na Waluguru hawajasahau. Nilipomwambia "Shikamoo, bibi," aliitikia, "Marahaba, mpagazi wangu." Mimi nilimuuliza kama mguu wake mmoja ni mfupi, kama ilivyo kwa watu wote waliozaliwa kwenye mteremko. Yeye aliniuliza kama ninaweza kulala bila mzigo kichwani. Tuliendelea hivyo kila wiki, na sijui kama nimewahi kuwa na rafiki mwingine wa namna ile.

Nilikuwa na mwavuli mweusi wenye mpini wa mti, zawadi pekee niliyowahi kupewa kiwandani. Siku moja, mbele ya watu wote, Bibi aliuchukua ukutani. "Huu nimeuchukua. Mpagazi hana haja ya mwavuli, mzigo wenyewe ndio kivuli chake. Ukiutaka, njoo Kinole uukomboe kwa kilo ya sukari." Watu walicheka, na mimi nilicheka. Ndivyo mtani anavyofanya. Anachukua, anasema amechukua, anataja cha kukombolea.

Nikaanza kutafuta cha kwake. Mdalasini? Kikapu? Havikunitosha. Nilitaka kitu kitakachomuuma kidogo. Na asubuhi ya siku ya soko, kabla hajashuka, niliiwasha kompyuta, nikafungua gemu ya mifereji, nikabonyeza pa kuanza upya. Mashine iliuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Niliyasoma maneno yote na kuyaelewa, nikajibu ndiyo. Ikauliza jina. Nikaandika MPAGAZI. Mlima mtupu ukatokea, na jina langu juu yake.

Nilikuwa nimejipanga vizuri. Nitamwambia, shamba lako nimelichukua, mtani, lete mkungu wa ndizi ulikomboe. Akishanitukana na kuahidi mkungu, nitamrudishia. Nilidhani lile la zamani limewekwa pembeni, kama mwavuli wangu ulivyowekwa nyuma ya mlango fulani huko Kinole. Mtu akichukua kitu, kitu hicho si lazima kiwe mahali? Nililitafuta: nilifungua diski moja moja, nilizima, nikawasha. Kompyuta ile ilihifadhi shamba moja tu. Misimu arobaini haikuwa mahali popote.

Alipoingia nilikuwa natokwa jasho. Alikaa, akautazama ule mlima mtupu kwenye kioo.

"Shamba langu liko wapi?"

Nilichopanga kusema sikuweza kukisema, kwa sababu nilikuwa sina cha kurudisha. Nikasema, "Umeme, bibi. Jana ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Umefuta kila kitu."

Alikitazama kioo muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Umeme," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Haya."

Aliweka vijiti vitatu juu ya kibodi kama kawaida, ingawa hakuwa amecheza, akachukua kikapu chake, akaenda kukaa ndani ya gari. Gari lilikuwa bado tupu. Alikaa juani saa mbili nzima akisubiri lijae, hatua thelathini kutoka kwenye benchi langu. Mimi nilikuwa namwona kupitia mlangoni. Ningeweza kutoka. Nilijifanya nafuta vumbi kwenye runinga.

Hakurudi tena. Nilituma salamu kwa dereva. Alileta jibu kwamba Bibi amesikia. Nikatuma tena. Amesikia.

Kibanda nilikifunga miaka iliyofuata, watu walipoanza kuwa na mashine za kwao nyumbani. Runinga niliiuza na ile kompyuta ilikufa. Miaka kama kumi ilipita na kila nilipokunywa chai yenye mdalasini nilikumbuka, na kila nilipokumbuka nilijiambia mbona yalikuwa mambo ya kompyuta tu. Siku moja nilikutana na yule dereva, naye kastaafu, akaniambia Bibi hashuki tena mjini, magoti yamemkataa. Wiki ileile nilinunua kilo ya sukari nikapanda Kinole.

Nilimkuta barazani anabandua magome. Amekonda, lakini vidole ni vilevile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi, mpagazi wako."

"Mpagazi, mbona mikono mitupu?"

Niliuinua mfuko wa sukari. Akautazama. "Umechelewa," akasema, na akanisogezea kigoda.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu njia nzima, na yote yakapotea. Nikasema, "Bibi, haukuwa umeme. Shamba nililifuta mimi. Nilitaka utani. Nilidhani litarudi. Halafu nikakudanganya."

Hakuacha kubandua. "Unafikiri sikujua?"

"Ulijuaje?"

"Mimi nimesoma kisomo cha watu wazima mpaka cheti wamenipa. Juu ya kile kilima kitupu pameandikwa MPAGAZI. Umeme wa Morogoro nimeuzoea na vituko vyake, lakini sijapata kusikia unajiita mpagazi."

Niliinamisha kichwa. Miaka yote ile nilikuwa nimeficha kitu kilichoandikwa kwa herufi kubwa.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ungesema umelichukua, ningekutukana mpaka gari lijae, halafu ningeanza upya. Hata hivyo nilikuwa nimeshaona pale nilipokosea, msimu wa saba. Shamba si kitu, shamba linalimwa. Lakini uliniambia umeme. Ulinifanya mgeni." Akaweka gome chini. "Mwavuli wako ulikuwa hapa. Nikasema, huyu akija kuudai, tutaongea. Hukuja. Mimi magoti yangu, wewe ulikuwa na sababu gani?"

Sikuwa na sababu, na nikamwambia sina. Alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali bei isiyomridhisha. Kisha akanitoza faini: mkungu wa ndizi uliokuwa ukumbini, niubebe kichwani, nisipande gari mpaka daraja la kwanza, watu wote wa Kinole wanione. "Wapagazi wameadimika siku hizi," alisema.

Ndipo nikaiona simu. Ilikuwa ya Kichina, ya vibonye vikubwa, imefungwa kwenye pindo la kanga yake. Aliitoa, akaiwasha, na nikamsogelea kwa mazoea. Ndani yake kulikuwa na gemu ambayo mimi, kwa miaka yangu yote, sikuwa nimeiona popote. Mfinyanzi anapanga vyungu kimoja juu ya kingine, na upepo unapita. Haikuandikwa nani kaitengeneza. Bibi alikuwa amepanga vyungu hamsini na vitatu.

"Inafaa?" nikamuuliza.

"Upepo wake ni wa kweli," alisema. "Huyu amekaa nje."

Adhana ya alasiri ikasikika kutoka bondeni. Bibi aliinuka kwa kujishika ukuta. Alinitazama, akaitazama simu, na nikaona anafikiri. Kisha akaniwekea mkononi.

"Nishikie. Usibonyeze kitu."

Akaingia ndani kutawadha.

Niliishika kwa mikono miwili. Vyungu vilikuwa vimesimama, vinayumba kidogo, gemu imesimamishwa. Baada ya muda mwanga wa kioo ulififia, kisha ukazimika kabisa. Kidole changu kilikwenda chenyewe kuelekea kibonye, nikakirudisha. Kama vyungu vilikuwa bado vipo gizani humo au havipo, sikuwa na njia ya kujua. Kuku mmoja alikuja akanidonoa kiatu, nikamwacha. Pua iliniwasha, nikaiacha. Mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani na nilisikia inakaribia majani ya migomba, nami nilikaa kama mlinzi wa ule mnara.

Alitoka baada ya sala, akachukua simu, akabonyeza mara moja. Kioo kikawaka. Alihesabu kwa midomo, bila sauti, mpaka mwisho.

"Hamsini na tatu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka. "Haya, mwavuli uko nyuma ya mlango. Sukari umeleta, uchukue, mvua hiyo."

Nilijitwika mkungu. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, na shingo yangu haikuwa tena ya ujana.

"Mpagazi hana haja ya mwavuli," nilimwambia. "Nitaufuata siku nyingine."

Nilishuka nikiwa nimelowa mpaka mifupani, na kwenye kila nyumba niliyopita watu walitoka barazani kunitazama. Nyuma yangu Bibi alikuwa bado anapaza sauti, akiwaambia wasinipokee mzigo.